Kufupisha Uandishi wa Barua Pepe kwa Kiswahili: Mahali pa Kukata Neno

Katika barua ya Kiswahili, tangu zama za hati ya Kiarabu hata leo, mna maneno ya namna mbili. Yapo maneno ya desturi, ambayo mwandishi hayatungi bali huyapokea kwa waliomtangulia. Na yapo maneno ya haja, ambayo ndiyo yaliyomfanya ashike kalamu. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa katika hazina ya nyaraka ya Goa, na zile alizozichapisha Carl Büttner huko Ujerumani mwaka 1892, ni ushahidi wa ukale wa uandishi huu. Katika desturi hiyo aandikiwaye hutajwa kwa sifa zake, husalimiwa, huombewa afya, kisha ndipo mwandishi husema "ama baada ya salamu" na kuingia katika neno lake. Karani hodari hakuwa na haja ya kufikiri juu ya sehemu ile ya kwanza. Mkono wake uliijua. Fikira zake zilibaki kwa ajili ya sehemu ya pili.

Barua pepe haikuiondoa tofauti hiyo. Ray Tomlinson, Mmarekani, alipotuma mwaka 1971 ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, na kuichagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake, alibadili njia ya kuipeleka barua, wala hakubadili kazi ya kuitunga. Mtu wa ofisini angali anaandika "kwa mujibu wa", "kwa niaba ya", "nimeambatanisha", "tafadhali tufahamishe" mara nyingi kwa siku moja, herufi baada ya herufi, kana kwamba ni mara ya kwanza. Kazi hiyo kompyuta yaweza kuichukua, ikiwa imefundishwa. Makala haya yaeleza namna ya kuifundisha, na hasa yaeleza kwa nini mafundisho yanayoifaa lugha ya Kiingereza hayaifai lugha ya Kiswahili yakitwaliwa kama yalivyo.

Jambo lenyewe si dogo. Husikika mara kwa mara maofisini ya kwamba Kiswahili ni kirefu, na ya kwamba mwenye haraka ni afadhali aandike Kiingereza. Hoja hiyo hutegemea kipimo kilichotumiwa. Zamani za simu za maandishi, ambapo malipo yalihesabiwa kwa neno, msemaji wa Kiswahili ndiye aliyepata faida: "nitakuandikia" ni neno moja tu, na Mwingereza asema jambo hilohilo kwa maneno manne au matano. Leo hakuna anayelipia neno. Kinacholipwa ni mipigo ya vidole, na kwa kipimo hicho "nitakuandikia" ni mipigo 13. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Maazimio ya namna hiyo hayatimizwi kwa hotuba. Hutimizwa na makarani waandikao barua kila asubuhi. Ikiwa chombo chao chawachosha waandikapo Kiswahili, wataiacha lugha bila ya kutangaza ya kwamba wameiacha.

Vihariri na asili yake

Programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi matupu, yasiyo na mapambo ya chapa, huitwa kihariri matini, au kwa ufupi kihariri. Vihariri viwili vina sifa kubwa, na vyote viwili vyaanzia mwaka 1976. Cha kwanza ni Emacs, kilichotungwa na Richard Stallman pamoja na Guy Steele katika maabara ya MIT. Cha pili ni vi, kilichotungwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakati ambapo kompyuta nyingi zilitumiwa kwa laini za polepole mno, hata kila mpigo wa kitufe ulikuwa na thamani yake. Kutokana na vi kikazaliwa Vim, alichokitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, na kukitunza hata alipofariki mwaka 2023.

Vim kina uhusiano na Afrika ya Mashariki ambao wengi wakitumiao hawaujui. Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Programu yake aliitoa bure, akiwaomba walioifurahia wawasaidie watoto wa huko. Na kwa miaka mingi ukurasa wake wa kwanza umewakumbusha watu duniani kote watoto maskini wa Uganda. Basi ni ajabu kidogo ya kwamba chombo kilicho karibu na nchi za Kibantu kwa nia, kiko mbali nazo kwa namna kinavyolifahamu neno.

Mtu aweza kuviunganisha vihariri hivi na barua pepe kwa njia mbalimbali. Emacs kina sehemu zake cha chenyewe za kuandika na kupeleka barua. Vim hutumiwa pamoja na programu ya barua kama vile Mutt, ambayo huambiwa kwa mstari mmoja tu ni kihariri gani ikiite barua ianzapo kuandikwa. Naye azoeaye kusoma barua zake katika ukurasa wa intaneti aweza kuandika kwanza katika kihariri, kisha akanakili na kupachika. Hata asiyetaka vihariri hivi kabisa atakuta ya kwamba programu za kawaida za kuandikia, kama LibreOffice, zina uwezo wa kufunua vifupisho. Na mengi yatakayosemwa hapa yahusu lugha kuliko mashine.

Vifupisho vya karatasi na vifupisho vya mashine

Ofisi za Kiswahili hazikungoja kompyuta ili zijue kufupisha. Kila aliyepata kupokea barua ya serikali azijua alama hizi: S.L.P., yaani sanduku la posta, Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba, Yah., yaani yahusu, na K.n.y., yaani kwa niaba ya. Katika vifupisho hivyo mwandishi huandika kidogo, na msomaji ndiye afanyaye kazi ya kufunua. Kifupisho cha kihariri ni kinyume chake. Mwandishi huandika kidogo, mashine ikafunua papo hapo, na msomaji hupokea maneno kamili bila ya kujua ya kwamba yalifupishwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa ya kwamba barua itaonekana ya mkato au isiyo na adabu.

Katika Vim mtu huandika ndani ya faili ya mapendeleo yake, iitwayo .vimrc, mstari kama huu:

iabbrev kmw kwa mujibu wa

Tangu hapo, kila aandikapo kmw na kufuatisha nafasi au alama ya kituo, maneno "kwa mujibu wa" yatatokea. Mipigo 13 imekuwa 3, mbali na ile nafasi ya mwisho ambayo ingeandikwa kwa vyovyote. Katika Emacs njia ni nyingine: mtu huwasha kwanza hali ya vifupisho, iitwayo abbrev-mode, huandika maneno yale matatu mara moja katika barua yake ya kawaida, kisha hubonyeza C-u 3 C-x a g, na mashine humwuliza kifupisho chake ni kipi. Vim hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo neno la kuanzia sentensi lataka kifupisho chake. Emacs huiona herufi kubwa mwanzoni mwa kifupisho, ikaanza kwa herufi kubwa yale inayoyafunua.

Kiswahili chatoa hapa msaada usiotazamiwa. Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa ile ya m au n isimamayo peke yake. Kwa hiyo rundo la konsonanti tupu, kama kmw, kny, au hvy, haliwezi kuwa neno la lugha hii. Mwandishi aweza kuchagua vifupisho vyake kwa kuondoa irabu tu, bila ya hofu ya kwamba siku moja ataandika neno la kweli na mashine ikaligeuza. Lililobaki ni kuepuka zile alama zilizokwisha kupata maana, kama km, ambayo ni "kwa mfano" au ni kilometa. Na ikitokea haja ya kuandika kny yenyewe bila ya kufunuliwa, katika Vim hubonyezwa Ctrl-V kabla ya nafasi ifuatayo.

Yafaa vifupisho vya namna hii vitumiwe kwa misemo isiyobadilika: kwa mujibu wa, kwa niaba ya, kwa ajili ya, hata hivyo, kwa kuwa, licha ya hayo, kadiri itakavyowezekana. Misemo hii ni kama mawe ya msingi katika barua rasmi, na haiathiriwi na jina litangulialo wala lifuatalo. Hapa Kiswahili na Kiingereza viko sawa. Tofauti yaanzia mwandishi anapotaka kufupisha neno moja moja.

Neno lenye viungo

Kihariri hufahamu neno kuwa ni safu ya herufi yenye nafasi upande huu na nafasi upande huu. Kifupisho hufunuliwa kikisimama peke yake tu. Kikigusana na herufi nyingine mbele yake, hakitambuliwi. Kwa Kiingereza sharti hilo halina madhara makubwa, kwani neno la lugha hiyo husimama mahali pake, na likibadilika hubadilika mkiani, kwa herufi moja au mbili. Neno la Kiswahili halisimami. Jina lina kichwa cha umoja na kichwa cha wingi, na kitenzi chajengwa kwa vipande: mtendaji, wakati, mtendewa, mzizi, mnyambuliko, na irabu ya mwisho. Mtu akiweka swl kuwa kifupisho cha "swali", atafurahi mpaka atakapotaka "maswali"; ataandika maswl, na mashine itakaa kimya. Akiweka thb kuwa "kuthibitisha", haitamfaa katika "tumethibitisha", wala "ithibitishwe", wala "hawakuthibitisha". Angeorodhesha maumbo yote ya kitenzi kimoja, orodha ingezidi kumbukumbu ya mtu yeyote.

Watungaji wa Emacs waliliona jambo hili kwa mbali. Kitabu chake cha maelezo chataja amri ya kuunganisha kifupisho na kiambishi awali: mtu aandika kiambishi, hubonyeza Meta pamoja na alama ya ritifaa, kistari hutokea, ndipo aandika kifupisho, kikifunuliwa, kistari huondoka. Mfano uliotolewa ni wa neno la Kiingereza lenye maana ya kujenga, linalotiwa kiambishi cha kurudia tendo. Katika lugha hiyo ni jambo la mara mojamoja, na amri ya mara mojamoja yaweza kuwa na mipigo mingi. Katika Kiswahili kila kitenzi, karibu bila ya kubakiza, kina kiambishi awali. Lililo kando katika lugha moja ndilo lililo njia kuu katika nyingine.

Hali ni hiyohiyo kwa uwezo mwingine unaosifiwa sana, yaani ule wa kumalizia neno. Mwandishi huandika herufi chache za mwanzo, hubonyeza Ctrl-N katika Vim au Meta na mkwaju katika Emacs, na mashine hutafuta neno lililokwisha kuandikwa lenye mwanzo kama huo. Huu ni uwezo mwema kwa majina marefu ya watu, ya mahali, na ya idara. Kwa vitenzi vya Kiswahili ni dhaifu, kwa sababu mwanzo wa neno ndio usiosema kitu. Aandikaye tuna- na kuomba msaada ataletewa kila kitenzi alichopata kukiandika kwa nafsi hiyo na wakati huo. Na iwapo alikwisha kuandika "walishughulikia", sasa ataka "tunashughulikia", mashine haitaona udugu wowote baina ya maneno hayo mawili. Maana ya kitenzi cha Kiswahili imekaa katikati, na mashine yatazama mlangoni.

Dawa yake ni kukata neno kiungoni. Kifupishwacho kisiwe neno zima, bali ule mzizi pamoja na mnyambuliko wake wa kawaida, ukiachwa wazi pande zote mbili: mbele kwa viambishi, nyuma kwa irabu ya mwisho au alama ya kutendwa. Katika Vim hili halifanywi kwa kifupisho, bali kwa amri ya kubadili mipigo, ambayo hutenda kazi mara ile ile bila ya kungoja nafasi na bila ya kujali herufi iliyotangulia. Mwandishi achague alama isiyofuatwa na herufi katika maandishi ya kawaida. Nukta-mkato yafaa sana, kwani siku zote hufuatwa na nafasi. Kisha aandike:

inoremap ;am ambatanish
inoremap ;fh fahamish
inoremap ;sh shughulik
inoremap ;th thibitish
inoremap ;tj taraji
inoremap ;ws wasilish

Kuanzia hapo sarufi ya Kiswahili yafanya kazi yake yenyewe. Mtu akiandika nime;ama hupata "nimeambatanisha", mipigo 8 badala ya 15. Akiandika ume;thwa hupata "umethibitishwa", na yana;shiwa huwa "yanashughulikiwa", mipigo 10 badala ya 16. Mtendewa huingia mahali pake bila ya taabu: tunaku;fha ni "tunakufahamisha", na ni;fhe ni "nifahamishe". Kauli ya ombi hupatikana kwa irabu yake, kama ya;wswe, yaani "yawasilishwe". Hata ukanushi wa wakati uliopo, ambao hugeuza irabu ya mwisho, hausumbui: hatu;tji ni "hatutarajii". Kwa mstari mmoja wa mafundisho mwandishi amepata maumbo yote ya kitenzi, yale aliyopata kuyaandika na yale asiyopata kuyaandika bado.

Msomaji atambue mambo matatu kabla ya kuanza. La kwanza, mizizi mifupi haistahili kufupishwa. -Omba, -leta, na -jibu huandikwa upesi kuliko alama zake kukumbukwa. La pili, Vim hungoja sekunde moja baada ya nukta-mkato ili ione kama herufi zitafuata; mwenye vidole vizito aiongezee muda kwa kuandika set timeoutlen=2000. La tatu, afadhali amri hizi zifungiwe katika barua peke yake, ili zisimvuruge mtu aandikaye hesabu au programu, ambamo nukta-mkato ina kazi nyingine. Hufanywa hivi:

autocmd FileType mail inoremap <buffer> ;th thibitish

Na mizizi ichaguliwe kwa ushahidi, si kwa kubuni. Mwandishi achukue barua alizozipeleka kwa mwezi mmoja, atie alama katika kila kitenzi kirefu, ahesabu. Mizizi kumi au kumi na miwili yatosha kwa kuanzia. Orodha ya mhasibu haitakuwa orodha ya mwalimu, wala ya hakimu haitakuwa ya mwuguzi.

Nafasi wazi na upatanisho wa ngeli

Baada ya msemo na mzizi huja barua nzima. Wako watu ambao kila juma hupeleka barua ile ile kwa watu mbalimbali: ya kukiri kupokea, ya mwaliko wa mkutano, ya kukumbusha deni. Barua ya namna hiyo yaweza kuhifadhiwa kama faili, ikaitwa katika Vim kwa amri ya :r ikifuatwa na jina lake, na mwandishi akajaza nafasi zilizoachwa wazi. Ni hapa ambapo vielelezo vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza huharibika zaidi.

Kwa Kiingereza mtu aweza kuandika sentensi ya kusema "kitu fulani chenu kimepokewa" na kuacha mahali pa jina la kitu wazi, kwa sababu kimilikishi cha lugha hiyo hakibadiliki, na kitenzi hutofautisha umoja na wingi tu. Kwa Kiswahili jina ndilo linalotawala sentensi:

Barua yenu imepokewa.
Ombi lenu limepokewa.
Waraka wenu umepokewa.
Cheti chenu kimepokewa.
Maelezo yenu yamepokewa.

Nafasi moja iliyoachwa wazi imezaa nafasi tatu, na mbili kati ya hizo zimefichwa ndani ya maneno. Mwenye haraka hujaza ya kwanza na kuzisahau nyingine, na ndiyo asili ya barua zisomekazo "ombi lenu imepokewa", ambazo watu huzilaumu kana kwamba aliyeandika hajui lugha. Huenda aijua vizuri sana. Kielelezo ndicho kisichoijua.

Kanuni ni moja: kibadilikacho kiwekwe mahali ambapo hakuna neno linalopatana nacho. Jina thabiti lishike upatanisho, na lile ligeukalo lifuate baada ya "kuhusu", au baada ya nukta mbili, au baada ya "yaani". Iandikwe "Barua yenu kuhusu ### imepokewa", na hapo ombi, waraka, vyeti, na maelezo vyote vyaweza kuingia bila ya kugusa kitu kingine. Iandikwe "Mnaombwa kuleta vitu vifuatavyo: ###". Hesabu nazo ziandikwe kwa tarakimu. "Nakala 2" na "vitabu 2" hazina tatizo, bali "mbili" na "viwili" hufuata ngeli. Kwa majina ya watu kazi ni nyepesi zaidi, maana yote hufuata ngeli moja, na la kuangalia ni umoja na wingi peke yake, pamoja na kama barua yaelekezwa kwa mtu, "yako", au kwa ofisi, "yenu".

Alama tatu za ### hazikuwekwa kwa mapambo. Nafasi tupu hupitwa na jicho, bali alama ngeni haipitwi. Tena, kabla ya kupeleka, mwandishi hutafuta ### katika barua yote, na isipoonekana tena ndipo ajua ya kwamba amemaliza. Wala asiache katika kielelezo jina la mtu aliyeandikiwa mara ya mwisho, kwa kudhani atalibadili. Barua ya kukumbusha deni iliyompata asiyedaiwa haifutiki kwa barua ya pili.

Tarehe yaweza kuachiwa mashine, kwa mstari huu:

iabbrev <expr> trh strftime("%d/%m/%Y")

Saa isiachiwe. Saa ya mashine huhesabiwa tangu usiku wa manane, na saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza na tangu jua kuchwa; mkutano ambao mashine itauita wa 14:00 ni wa saa nane mchana. Mwandishi aiandike mwenyewe, na aongeze mchana au usiku, ili mwalikwa asifike jengo likiwa limefungwa.

Salamu

Lililobaki ni swali la salamu, ambayo, kama ilivyosemwa mwanzoni, ni sehemu ya desturi. Kwa kuwa ni ya desturi, mtu aweza kudhani ya kwamba ndiyo ifaayo zaidi kuachiwa mashine. Sivyo. Desturi ya salamu ya Kiswahili si kwamba maneno yake hayabadiliki. Desturi ni kwamba hubadilika kwa kumtazama mtu. Shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa, na mkubwa akimtangulizia mdogo neno hilo, ni dhihaka au ni kosa. "Ndugu" lilienea Tanzania katika miaka ya Ujamaa kuwa jina la heshima kwa kila raia, na barua nyingi za ofisi zingali zaanza nalo; lakini yuko astahiliye Mheshimiwa, yuko Mwalimu, yuko Sheikh, yuko Mzee. Aliyefiwa hupewa pole kabla ya neno lolote, na aliyejaliwa mtoto hupongezwa. Mashine haiyajui hayo, na haitayajua kwa kufundishwa vifupisho.

Kwa hiyo kihariri kipewe maneno ya katikati, na mlango wa barua ubaki mikononi mwa mwenyewe. Mwandishi afungue barua yake kwa kuandika kwa vidole vyake jina la mtu na salamu imfaayo, bila ya kifupisho chochote. Ni mipigo thelathini au arobaini, wala si hasara, kwani katika kuiandika ndipo amkumbukapo anayemwandikia: ni nani, ana hali gani, walisemezana nini mara ya mwisho. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na salamu ya mashine ni ulimi wa kujikwaa.

Tamati ya barua iko kati kwa kati. Jina, cheo, anwani, na S.L.P. havibadiliki, na vyaweza kuwekwa katika faili ya sahihi, ambayo kwa mapokeo ya barua pepe hutenganishwa na barua kwa mstari wenye vistari viwili na nafasi moja. Bali maneno ya kuagana, "wasalaam", "wako mtiifu", "nakutakia kazi njema", yafuate salamu iliyofungua barua. Aliyefungua kwa pole hafungi kwa furaha.

Kwa muhtasari, barua ya Kiswahili yaweza kupunguziwa mipigo mingi, na yaweza kubaki Kiswahili kizuri, mradi mwandishi aijue lugha yake kabla ya kuifundisha mashine. Msemo usiobadilika ufupishwe mzima. Kitenzi kikatwe kiungoni, mzizi upewe mashine, viambishi na irabu vibaki kwa mwandishi. Kielelezo kijengwe juu ya jina thabiti, na kigeukacho kiwekwe pasipo na upatanisho. Salamu isifupishwe. Atakayefuata mambo haya manne ataona ya kwamba urefu wa neno la Kiswahili, uliodhaniwa kuwa mzigo, ni mpangilio wa vipande ambavyo vyaweza kuondolewa na kurudishwa bila ya kitu kuvunjika. Vihariri vilitungwa na watu ambao neno kwao ni jiwe; kwa Mswahili neno ni mnyororo, na mnyororo hufunguliwa penye pete.